Schumacher na Mercedes, 2009: Tetesi za Kurudi na Tairi la Mbele Lililosahaulika

Mtwara mjini, kwenye kijiwe cha kahawa kilichopakana na banda la kuonyesha mpira, ikitajwa langalanga, yaani mbio za magari za Formula 1, ubishi hauchukui muda kufika kwa Michael Schumacher. Na maneno ni yale yale.

"Mzee, yule alirudi akachemsha. Umri haudanganyi."

"Umri gani, mwanangu? Gari lilikuwa kimeo."

Kila mmoja ameshika kipande chake. Kuna kipande cha tatu ambacho kijiweni hakitajwi, nacho ni tairi la mbele. Kabla ya kufika kwenye tairi kuna tetesi zenyewe, maana Novemba na Desemba 2009 wapenzi wa mbio dunia nzima walikuwa wakibishana kama bingwa wa mara 7 aliyestaafu atarudi na timu mpya au la, na wengi wao walikuwa wanatazama pasipo. Kisa hiki kinafaa kupasuliwa kwa sababu kimekwisha: tarehe zipo, matokeo yapo, na hakuna tena wa kuficha kitu.

Shingo

Schumacher alitangaza kustaafu Monza, Italia, Septemba 2006. Mbio zake za mwisho na Ferrari zilikuwa Interlagos, Brazil, tarehe 22 Oktoba. Siku ile tairi lake lilitoboka mapema, akaangukia mkiani, kisha akawapita mmoja mmoja mpaka akamaliza wa 4. Alikuwa na miaka 37, ushindi wa mbio 91, ubingwa wa 1994 na 1995 akiwa na Benetton, na mwingine mara tano mfululizo akiwa na Ferrari, 2000 hadi 2004. Aliyemaliza namna ile hakuwa ameishiwa. Ferrari wakambakiza kama mshauri, naye kwa kukosa la kufanya akaanza kushindana kwa pikipiki. Hizo ndizo zilizomwangusha Februari 2009 huko Cartagena, Hispania, akaumia shingo karibu na pale inapokutana na fuvu.

Ajali ile haikuzungumzwa sana mpaka Julai. Tarehe 25 Julai 2009, kwenye mbio za kutafuta nafasi ya kuanzia Hungary, springi ilichomoka kwenye gari la Rubens Barrichello ikampiga kichwani Felipe Massa, dereva wa Ferrari. Ferrari wakabaki na kiti kitupu katikati ya msimu, na siku nne baadaye wakatangaza kwamba Schumacher ndiye atakayekikalia kuanzia mbio za Valencia. Tarehe 31 Julai akaingia uwanja wa Mugello na gari la F2007, yaani la misimu miwili nyuma, kwa sababu kanuni za 2009 zilizuia majaribio ya gari la msimu wakati msimu ukiendelea. Ferrari waliomba aruhusiwe kujaribu gari lenyewe la msimu ule, F60. Williams, Red Bull na Toro Rosso wakagoma. Tarehe 11 Agosti akatangaza kuwa hawezi: shingo imekataa.

Shingo hapa si kisingizio, na hesabu yake si ngumu. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 5 hivi, helmeti kilo moja na nusu. Kwenye kona ya kasi gari la langalanga humsukuma dereva pembeni kwa nguvu inayofika mara 4 ya uzito, na zaidi. Zidisha: kilo 26. Ni kama kuning'iniza kiroba kizima cha sembe cha kilo 25 kwenye sikio, ukakishikilia kwa misuli ya shingo peke yake, kikahamia sikio la pili kona inayofuata, hivyo hivyo kwa mizunguko 50 hadi 70. Kwenye breki kiroba kinahamia kisogoni na kukusukuma mbele. Misuli hujengwa kwa majuma kadhaa ya mazoezi. Mfupa una ratiba yake, hauharakishwi na mkataba wala na mashabiki.

Kwa hiyo kioja cha Agosti kilijibu swali moja na kuacha lingine. Kama anataka kurudi: anataka, na ameshaonyesha hadharani. Lililobaki ni kama mfupa utapona, na kama kiti kitapatikana.

Kiti kilichokaa wazi mwezi mzima

Novemba, huku Uwanda wa Makonde, ni msimu wa korosho, na kabla ya mnada kila mtu ana bei yake. Huyu kasikia Newala, yule kaambiwa na dereva wa lori. Mkulima mzoefu hana haja na bei za barabarani. Anauliza ghalani kuna tani ngapi, na wanunuzi waliokuja ni wangapi. Tetesi za dereva nazo zipimwe hivyo hivyo: viti vilivyo wazi ni vingapi, na wanaoweza kuvikalia ni akina nani.

Tuhesabu viti. Honda walijitoa kwenye langalanga Desemba 2008. Ross Brawn, aliyekuwa mkuu wa timu, akaichukua kwa bei ya pauni moja, akaipa jina lake, akafunga injini za Mercedes, akachukua ubingwa wa 2009 wa dereva na wa timu kwa mkupuo. Madereva walikuwa wawili, Jenson Button na Barrichello. Mwanzoni mwa Novemba Barrichello akatangazwa Williams. Tarehe 16 Novemba Mercedes wakatangaza kwamba wao na kampuni ya uwekezaji ya Aabar ya Abu Dhabi wanainunua timu, hisa asilimia 75.1. Siku mbili baadaye Button akaenda McLaren. Timu bingwa wa dunia ikawa haina dereva hata mmoja. Tarehe 23 Novemba wakamsaini Nico Rosberg.

Kiti cha pili kikabaki wazi. Hapa ndipo mtu alipaswa kukodoa macho. Nick Heidfeld, Mjerumani, mzoefu, mtu wa kumaliza mbio na kuleta pointi, alikuwa sokoni hana timu kwa sababu BMW walikuwa wanaondoka. Timu ya Kijerumani iliyokuwa inatafuta dereva tu ingemsaini kabla ya wiki kwisha. Hawakumsaini. Walisubiri mwezi mzima, mpaka 23 Desemba. Mwenye nyumba anayemkataa mpangaji mwenye kodi mkononi ana mtu wake njiani. Heidfeld baadaye alichukuliwa kama dereva wa akiba, na hilo nalo linaonyesha kuwa hawakuwa na neno na uwezo wake.

Halafu kuna udugu. Brawn ndiye aliyekuwa bongo la ufundi kwenye ubingwa wote 7 wa Schumacher, Benetton na Ferrari. Mercedes nao hawakuwa wageni: mwaka 1990 na 1991 alikuwa kijana wao kwenye magari ya Sauber-Mercedes, na alipopata nafasi ya kwanza ya langalanga na timu ya Jordan, Spa, Ubelgiji, Agosti 1991, fedha zilizolipia kiti zilitoka Mercedes. Waliokuwa wakisema "mtu wa Ferrari hawezi kwenda Mercedes" walisahau kwamba alianzia huko. Kufikia katikati ya Desemba hata rais wa Ferrari, Luca di Montezemolo, alikuwa anawaambia waandishi kwamba uwezekano ni mkubwa mno, huku akitania kwamba huyo anayeondoka labda ni pacha wa Schumacher, si yeye.

Shingo ilipona, na tarehe 23 Desemba Mercedes wakamtangaza. Mkataba ulikuwa wa miaka mitatu. Siku 11 baada ya tangazo alitimiza miaka 41.

Mpaka hapa aliyesema "atarudi" alishinda ubishi wa kijiweni, na wengi wakaishia hapo. Kurudi ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni gari atakalokuta, na hilo Desemba 2009 lilijulikana kwa kiasi kikubwa, kwa sababu kanuni za 2010 zilikwisha chapishwa.

Milimita 25

Mwaka 2006 Schumacher aliondoka kwenye matairi yenye mifereji. Mwaka 2009 matairi laini yasiyo na mifereji yalirudishwa, na ikaonekana mbele panashika kupita kiasi ukilinganisha na nyuma. Bridgestone, watengenezaji wa matairi hayo, wakasawazisha: kwa msimu wa 2010 tairi la mbele likapunguzwa upana kutoka milimita 270 hadi 245. Upana wa la nyuma haukuguswa.

Milimita 25 ni upana wa kidole gumba hivi. Anayeendesha bodaboda anajua upana wa tairi una maana gani. Pikipiki nyingi za hapa huvaa 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma. Ingia nazo barabara ya Msimbati penye mchanga, ukunje kona ukiwa bado umeshika breki ya mbele: usukani umegeuka, pikipiki inaendelea moja kwa moja. Pua inasukuma nje. Mwenye busara huachia breki kwanza, ndipo akakunja. Asiyeachia hulala chini na abiria wake.

Schumacher alijenga jina lake kwa kufanya lile lisilofaa Msimbati. Alichelewa breki, akaingia kona bado ameikanyaga, uzito wote umelalia matairi ya mbele, nayo yanang'ata lami kama meno. Mkia ukitaka kuchomoka anaudhibiti kwa mguu na mikono. Mtindo huo unadai kitu kimoja, tairi la mbele lisilokata tamaa. Ferrari walimpa. Bridgestone walitengeneza matairi wakiwa na timu hiyo akilini, na uwanja wa Fiorano uko jirani na kiwanda, kiasi kwamba kitu kikitoka karakana asubuhi kinajaribiwa siku hiyo hiyo. Maelfu ya kilomita kila mwaka, na gari likizunguka miguu ya dereva mmoja.

Mwaka 2010 hayo yote hayapo. Matairi ni ya aina moja kwa timu zote. Majaribio yote ya kabla ya msimu ni siku 15 za Februari, Valencia, Jerez mara mbili na Barcelona, na siku hizo anagawana na Rosberg kwa sababu kila timu ilitoa gari moja. Nje ya hapo alipata siku tatu za Januari ndani ya gari dogo la GP2, daraja lililokuwa chini ya langalanga, ambazo zinasaidia shingo na macho lakini hazimwambii chochote kuhusu tairi lake jipya. Msimu ukianza, majaribio hakuna tena mpaka uishe.

Juu ya tairi ongeza mzigo. Kuongeza mafuta katikati ya mbio kulipigwa marufuku mwaka huo huo, hivyo gari liliondoka na mafuta ya safari nzima, zaidi ya kilo 150. Ni karibu magunia mawili ya korosho, juu ya gari ambalo kwa kanuni uzito wake wa chini ni kilo 620 pamoja na dereva. Kwa makadirio ya mafundi, kila kilo 10 za ziada hula kama sehemu 3 za kumi ya sekunde kwa mzunguko. Kibaya zaidi, mzigo huo unalipigisha magoti tairi la mbele lililokwisha punguzwa. Dereva aliyezoea kubana breki mpaka katikati ya kona anajikuta analiua tairi ndani ya mizunguko michache.

Gari lenyewe la Mercedes la 2010, W01, halikusaidia. Brawn GP walikuwa wamepunguza mamia ya wafanyakazi Honda walipoondoka, na mwaka 2009 walitumia kila walichonacho kulinda ubingwa. Gari la mwaka unaofuata huchorwa wakati la mwaka huu linakimbia. Ukikosa watu na fedha katikati ya mwaka, njaa yake utaiona Machi. W01 lilikuja na mgawanyo wa uzito usioendana na matairi mapya, na Mei, Barcelona, timu ilisogeza magurudumu ya mbele ili kuurekebisha. Tazama kilichotokea siku hiyo: Schumacher wa 4, Rosberg wa 13. Mabadiliko ya sentimita chache mbele ya gari, na mzee anampita kijana. Haikudumu, lakini kwa anayesoma kisa kama fundi, jibu lilikuwa limeandikwa pale.

Umri: hesabu inayokataa

Mbio za kwanza zilikuwa Bahrain, 14 Machi 2010, saa 9 alasiri kwa saa za kule na za Mtwara pia. Rosberg wa 5, Schumacher wa 6. Msimu ukaisha Rosberg ana pointi 142, Schumacher 72, na hakuna hata mmoja wao aliyeshinda mbio. Rosberg alipanda jukwaani mara tatu, zote akiwa wa 3. Kwa hiyo "gari kimeo" ni kweli kwa nusu: halikuwa gari la kushinda, lakini mwenzake alilitoa pointi mara mbili yake.

Sasa umri. Kama umri ndio ugonjwa, unatakiwa uzidi kila mwaka. Tazama mbio za kutafuta nafasi ya kuanzia, pale dereva anapokuwa peke yake na saa, gari jepesi, tairi jipya. Mwaka 2010 Rosberg alimshinda mara 14 kwa 5. Mwaka 2011, matairi ya Pirelli yalipoingia, mara 16 kwa 3. Mwaka 2012, Schumacher akiwa na miaka 43, wakatoka 10 kwa 10. Ugonjwa gani wa uzee unapona mgonjwa akizidi kuzeeka? Na Rosberg huyo si wa kubezwa, ndiye aliyekuja kuchukua ubingwa wa 2016 mbele ya Lewis Hamilton ndani ya gari la aina moja.

Pointi za 2012 hazionyeshi hivyo, 93 kwa 49, na hapo ndipo mtu asiyefuatilia hudanganyika. Katika mbio 7 za kwanza Schumacher alikuwa na pointi 2 tu. Australia giaboksi ilikufa. China aliondoka safu ya mbele pamoja na Rosberg. Alipoingia kubadili matairi, gurudumu la mbele kulia liliachiwa kabla nati haijakaza, akatoka nalo linacheza, akalazimika kuegesha gari pembeni, na Rosberg akashinda mbio zake za kwanza. Monaco alikuwa na kasi kuliko wote Jumamosi, ila alikuwa na adhabu ya kurudishwa nafasi 5, na Jumapili presha ya mafuta ikakata. Canada bawa la nyuma, lile linalofunguka ili kuongeza kasi, lilikwama likiwa wazi. Mafundi walilipiga kwa mikono likakataa kufunga, wakamwita ashuke. Mbio iliyofuata, Valencia, tarehe 24 Juni, gari likafika salama naye akamaliza wa 3. Ndiyo jukwaa lake pekee katika miaka yote mitatu.

Ile adhabu ya Monaco, hata hivyo, aliitafuta mwenyewe, na hapa mwenye hoja ya umri ana lake la kusema. Aliipata kwa kumgonga Bruno Senna kwa nyuma kule Hispania. Singapore 2011 alimparamia Sergio Pérez. Singapore 2012 akamparamia Jean-Éric Vergne, tena kwa nyuma. Makosa ya namna moja, ya kukadiria gari la mbele litashika breki wapi, hayaji kwa bahati mbaya tu. Huenda ni jicho, huenda ni mazoea ya breki za enzi nyingine. Kumbana Barrichello ukutani Hungary 2010 halimo kwenye fungu hilo. Hiyo ilikuwa tabia, na alikuwa nayo akiwa na miaka 25.

Waliorudi wengine husaidia kupima. Niki Lauda aliacha 1979, akarudi McLaren 1982 na kushinda mbio yake ya tatu, kisha ubingwa wa 1984 kwa tofauti ya nusu pointi. Alain Prost alipumzika mwaka mmoja, akarudi 1993 na Williams, gari bora kuliko yote wakati ule, akatwaa ubingwa. Kimi Räikkönen alikaa nje misimu miwili, akarudi 2012 na Lotus, akashinda Abu Dhabi mwaka huo huo. Lauda alipata nafasi ya kujaribu gari kabla hajaamua. Prost alijua anakalia nini. Räikkönen alirudi kwenye gari lililokuwa pole kwa matairi. Schumacher alikaa nje misimu mitatu, na ndani ya misimu hiyo matairi, mabawa, mafuta na utaratibu wa majaribio vyote vilibadilishwa. Kwa hiyo tetesi ya namna hii ikifika tena kijiweni, usiulize umri kwanza. Uliza kiti kiko wapi na kwa nini hakijajazwa, uliza jeraha, halafu uliza ni kanuni gani za gari zilizobadilika tangu aondoke, hasa za tairi, na siku za majaribio ni ngapi.

Kumalizika kwake kulikuja kwa njia ile ile ya viti. Mkataba wa miaka mitatu ulikuwa unaisha 2012, na Schumacher hakuwahi kusema waziwazi kama anaendelea. Tarehe 28 Septemba Mercedes wakatangaza kwamba Hamilton anakuja 2013 kuungana na Rosberg. Safari hii hakukuwa na kiti cha kusubiri. Siku sita baadaye, Suzuka, Japan, Schumacher akatangaza kustaafu mara ya pili. Mbio ya mwisho ilikuwa Interlagos tena, 25 Novemba 2012, mvua inanyesha na kukatika. Karibu na mwisho alikuwa wa 6, nyuma yake Sebastian Vettel anahesabu pointi za ubingwa. Akampisha, akamaliza wa 7.